Lori la Mtumba na Kazi ya Kutunza



Kwa wiki kadhaa sasa watu wamenipiga picha nikiwa uwanjani nyuma ya kanisa, nimeinama juu ya lori dogo la rimoti, mikono imejaa grisi. Mmoja ameniandikia, "Pasta, umerudi utotoni?" Mwingine, ambaye ninamheshimu sana, ameuliza kama mtumishi wa Mungu amekosa kazi. Leo nawajibu wote kwa pamoja. Ni andiko refu kidogo, kwa hivyo tafuta chai ukae.

Wengi wenu mnamjua kijana wangu wa pili. Ana miaka kumi na mitatu. Wachache ndio mnaojua kwamba alizaliwa na selimundu. Chembe zake nyekundu za damu, badala ya kubaki mviringo, hugeuka umbo la mundu na kuziba mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu huanza. Hapa kwetu Kisumu na kandokando ya Ziwa ugonjwa huu si mgeni, hata kama familia nyingi huuficha. Jua kali, kukosa maji mwilini, baridi ya usiku, malaria, kukimbia kupita kiasi: lolote kati ya hayo linaweza kumlaza.

Kwa hivyo wenzake wakicheza mpira, yeye hushika sweta zao. Amezishika tangu darasa la kwanza. Mwaka jana nilimuuliza angependa nini siku yake ya kuzaliwa. Hakutaja simu. Aliniambia, "Baba, nataka kitu ambacho wenzangu wataningoja mimi."

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nililipata Kibuye.

Nilikuwa natafuta viatu vya shule. Kwa mchuuzi mmoja wa vitu vya mtumba kulikuwa na rundo la vyombo vya umeme, na chini yake likachungulia gurudumu kubwa lenye meno. Nikalivuta. Lilikuwa lori la rimoti aina ya Stampede, linalotengenezwa na kampuni ya Traxxas ya Marekani, kimo cha moja kwa kumi. Rimoti ilikuwepo. Betri haikuwepo, chaja haikuwepo, na tope la nchi nisiyoijua lilikuwa limekaukia kila mahali. Mchuuzi alikuwa mkweli. "Pasta, hiyo ni ya kuweka juu ya televisheni tu. Haitembei." Tuliongea bei mpaka shilingi 3,500. Lori kama hilo likiwa jipya huuzwa makumi ya maelfu.

Hapa nieleze jambo moja kwa mzazi ambaye amewahi kununua gari la rimoti likafa baada ya siku mbili. Kuna aina mbili. Ile ya dukani ya bei ndogo, kila kitu kimechomelewa kwenye ubao mmoja. Kitu kimoja kikiungua, gari zima linaenda takatakani. Aina ya pili imeundwa ili ifunguliwe. Kipokezi cha mawimbi ni kifaa chake peke yake. Kidhibiti mwendo ni chake. Kimota cha usukani, ambacho mafundi hukiita sevo, ni chake. Mota ya kuvuta ni yake, betri ni yake. Kila skrubu inafunguka na kila kipuri kina namba. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka 1976, Porsche 934 ya kuunganisha nyumbani, na tangu hapo watu wengi wamejifunza ufundi kwa magari ya namna hii. Gari la aina hii haliwi bovu lote kwa pamoja. Kazi yako ni kutafuta ni wapi.

Nilifika nalo nyumbani. Mama watoto aliliangalia, akaniangalia. "Baba, hizi pesa hazijatoka kwa dawa?" Nikamwonyesha bahasha ya dawa, haijaguswa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi lisikae juu ya meza ya chakula." Sheria hiyo ilivunjwa kabla ya Jumapili.

Kijana alichukua daftari, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza: MAGONJWA YA LORI. Tulikubaliana kwamba hatutanunua chochote mpaka orodha iishe. Tukaazima kwa rafiki betri ya nikeli ya volti 7.2, zile zenye seli sita, tukaanza uchunguzi kwa utaratibu, kutoka kwenye chanzo cha umeme kwenda kwenye magurudumu.

Kidhibiti mwendo kiliwaka taa. Kizima. Tukageuza usukani kwenye rimoti: sevo ikanguruma na kusaga, lakini magurudumu ya mbele hayakugeuka. Tulipoifungua, meno ya gia yake ya plastiki yalikuwa yamekatika. Ugonjwa wa kwanza. Tukabonyeza mafuta: mota ikazunguka kwa sauti kali, lakini lori likasimama. Tukafungua kifuniko cha gia, tukaona gia kubwa imeliwa upande mmoja mpaka imekuwa laini. Ugonjwa wa pili. Tukazungusha kila gurudumu kwa mkono: matatu kati ya manne yalikwama, beringi zimejaa kutu. Ugonjwa wa tatu. Shoki zote nne zilikuwa zimevuja mafuta, ukibonyeza lori linadunda kama mpira. Wa nne.

Yaani magonjwa manne tu. Kijana alihesabu tena, akacheka. "Baba, huyu si wa kufa."

Kusafisha kulituchukua Jumamosi mbili. Vifaa vya umeme tulivitoa kwanza, havikuguswa na maji. Mwili wa plastiki tuliuosha kwa sabuni na brashi ya meno kuukuu, tukauanika kivulini. Mota tulipuliza vumbi, tukatia tone moja la mafuta mepesi kila upande pale mhimili unapotokea. Tone moja, kwa sababu mafuta yakifika kwenye brashi za ndani yanashika uchafu.

Skrubu zake ni za alenki, milimita 2 na milimita 2.5. Nunua funguo zinazotosha sawasawa. Ukilazimisha saizi ya karibu utaiharibu kichwa, na skrubu iliyoharibika kichwa ndani ya plastiki ni kilio. Wakati wa kurudisha skrubu kwenye plastiki, izungushe kinyume kwanza polepole mpaka uisikie imetumbukia kwenye njia yake ya zamani, ndipo uikaze. Ukianza kukaza moja kwa moja inachimba njia mpya, na baada ya mara chache tundu limekwisha. Skrubu za chuma kwa chuma, kama zile zinazoshika mota, hizo ndizo hutiwa gundi ya skrubu ili mtetemo usizilegeze. Kwenye plastiki usitie gundi hiyo, inaweza kuipasua.

Beringi tulizipata kwa muuza spea mjini. Magurudumu yanatumia za milimita 5 ndani, 11 nje na unene wa 4, mbili kwa kila gurudumu. Tulichukua nane zenye kizuizi cha mpira pande zote mbili, kwa sababu vumbi letu la murram halina huruma. Hayo yalikuwa maboresho yetu ya kwanza, shilingi 800, na kati ya yote tuliyofanya hakuna pesa iliyofanya kazi kama hiyo. Gurudumu ulilokuwa ukilisukuma kwa nguvu, sasa unalipuliza kwa mdomo linazunguka.

Gia kubwa mpya ilikuja na basi la usiku kutoka Nairobi, pamoja na sevo yenye gia za chuma na chupa ya mafuta ya silikoni ya shoki. Shoki ukizijaza, piga pistoni juu na chini polepole mpaka mapovu yaishe, kisha ufunike. Hewa ikibaki ndani, shoki haina kazi.

Halafu kuna nafasi kati ya gia ndogo ya mota na gia kubwa. Zikibanana sana, mota inapata joto na inanguruma. Zikiachana, meno yanarukana na kuliwa, na naamini hivyo ndivyo gia ya kwanza ilivyokufa. Mafundi wana kipimo rahisi: pitisha ukanda wa karatasi ya daftari katikati ya gia, sukuma mota ibane, kaza skrubu, kisha zungusha utoe karatasi. Ikitoka na mikunjo bila kuchanika, nafasi ni sawa. Kijana alichana ukurasa wa daftari la hesabu, na mama yake akamwona. Hiyo ni habari ya siku nyingine.

Sasa nifike mahali ambapo kazi ilisimama.

Ilikuwa mvua za Aprili. Lori lilikuwa limefunguliwa juu ya meza, shoki mbili tayari, mbili bado. Usiku wa Jumanne kijana akaanza kulia mgongo na miguu. Mnaojua, mnajua. Tulimpeleka hospitali usiku huohuo. Alilazwa siku tano, dripu, dawa za maumivu, damu mara moja. Siku ya tatu alipopata nguvu ya kuongea aliniuliza, "Baba, umefunika zile shoki? Vumbi litaingia." Nilikuwa nimezifunika kwa kitambaa.

Siku hizohizo ndugu mmoja katika imani alikuja kututembelea. Aliomba vizuri, nikasema amina. Wakati wa kuondoka akanivuta kando ya korido, akaniambia kwamba mchungaji mwenye imani ya kweli hangekuwa anampa mtoto vidonge kila siku, kwamba vidonge hivyo ndivyo vinazuia muujiza.

Wapendwa, nataka niliseme hili wazi kwa sababu najua wako wazazi katika kanisa hili ambao wameambiwa maneno hayohayo. Mimi nimeombea mwanangu tangu siku tuliyopewa majibu ya damu, na ninamwombea hata leo. Ninaamini Mungu anaponya. Na kila asubuhi kijana wangu anameza haidroksiurea aliyoandikiwa na daktari, anameza foliki, anakunywa maji mengi, na anaenda kliniki tarehe aliyopewa kupimwa damu. Mimi ndiye ninayeyashika maji hayo, na ninaposhika kikombe nasema asante Bwana. Maombi na dawa havijawahi kugombana nyumbani mwangu. Haidroksiurea haimalizi ugonjwa, ila hupunguza vipindi vya maumivu. Tangu aanze tumelala usiku mwingi ambao zamani tusingelala. Mtu akikwambia uache dawa ya mtoto ili kuonyesha imani, mwambie imani yako ina kazi nyingine.

Niliporudi kwenye lile lori nilikuwa na jambo hilo moyoni. Nilishika ile beringi ya zamani, iliyokwama kwa kutu. Haikuwa na laana yoyote. Ilikosa mtu wa kuifungua, kuisafisha na kuitia grisi kwa wakati. Beringi mpya nayo, isipotunzwa, itafika palepale. Kuna vitu katika maisha haya ambavyo havitengenezwi mara moja vikaisha. Vinatunzwa. Unafungua, unaangalia, unasafisha, unafunga, na wiki ijayo unafungua tena. Tunapenda ushuhuda wa siku moja, na ni mzuri, mimi mwenyewe nausimulia. Lakini mama anayeamka saa tisa usiku kumpa mtoto maji, kila usiku, miaka kumi na mitatu, naye ana ushuhuda, hata kama hajawahi kuitwa mbele kuutoa.

Turudi kwenye kazi. Kijana alipotoka hospitali lilibaki swali la betri na mota, na hapo tulibishana.

Alikuwa amesoma habari za mota zisizo na brashi. Hizo zina waya tatu badala ya mbili, hakuna kitu kinachosuguana ndani, zinatumia umeme vizuri na zina kasi ya kutisha. Lakini zinadai kidhibiti mwendo kipya, na nguvu zake hutafuta sehemu dhaifu kwenye gia na mihimili ya plastiki. Nilimwambia afanye hesabu mwenyewe, aamue. Siku mbili baadaye aliniambia, "Baba, tukiweka hiyo, lori litakuwa mezani kuliko uwanjani." Tukaacha mota ileile.

Betri tuliboresha. Tulinunua ya lithiamu polima, ambayo wenyewe huiita lipo, seli mbili, volti 7.4, pamoja na chaja yake ya kusawazisha seli. Hapa naomba usikilize kwa makini kama una watoto. Fundi mmoja alituambia chaja yoyote yenye volti zinazokaribiana itafanya. Tulikataa. Betri ya lipo ikichajiwa vibaya inaweza kuvimba na kuwaka moto. Kila seli hujazwa mpaka volti 4.2 na si zaidi, na haifai kushuka chini ya volti 3 hivi. Ndiyo maana chaja ina plagi ndogo nyeupe ya ziada inayoangalia kila seli peke yake. Betri yetu ni ya miliampea-saa 5,000, kwa hivyo tunaichaji kwa ampea 5, si zaidi. Tunaichaji nje kwenye saruji, ndani ya chungu cha udongo, mtu mzima akiwepo, na haichajiwi usiku tukiwa tumelala. Ikikaa siku nyingi bila kutumika tunaiacha nusu, karibu volti 3.8 kwa seli. Siku itakapovimba, hata kidogo, kazi yake itakuwa imeisha.

Kidhibiti mwendo cha lori hili kina ulinzi wa kukata nguvu betri ikishuka. Kwa betri za nikeli ulinzi huo huzimwa, na taa huwa nyekundu. Kwa lipo lazima uwashwe, na taa huwa kijani. Kijana aliandika kwa herufi kubwa ndani ya kifuniko cha sanduku: KIJANI KWANZA.

Plagi za betri na lori hazikulingana, ikabidi tuchomelee. Somo hapo ni moja: unapobadilisha plagi ya betri, kata waya mmoja, uuchomelee, uufunike, ndipo ukate wa pili. Betri haina swichi ya kuzima. Ukikata nyaya zote mbili kwa pamoja na zikagusana, cheche zitaruka mikononi mwako. Nilishika waya, yeye akashika kifaa cha kuchomelea. Mkono wake haukutetemeka.

Nikapiga hesabu. Lori 3,500, betri na chaja 6,500, sevo 1,500, beringi 800, gia 600, mafuta ya shoki 500. Jumla shilingi 13,400, kwa muda wa miezi mitano, kidogo kidogo.

Jumamosi ya kwanza uwanjani tulienda saa kumi na moja jioni, jua limepoa, chupa ya maji ya lita moja na nusu mkononi. Lori likaruka juu ya kichuguu, likatua, shoki zikalimeza tua lile bila kudunda. Mpira ukasimama. Vijana wote wakaja. Kulikuwa na foleni, na kijana wangu amekaa kwenye kiti chini ya mwembe, anagawa zamu. Kidhibiti mwendo kina hali ya mafunzo inayopunguza nguvu kwa nusu, na wadogo wote aliwapa kwa hali hiyo, bila kuwaambia.

Betri ya kwanza ilitupeleka dakika ishirini hivi. Katika zamu ya mwisho, mvulana mmoja wa kwaya alilipeleka moja kwa moja kwenye mlingoti wa goli. Mkono wa mbele wa kushoto ukavunjika pwaa. Yule mvulana alikaribia kulia. Akaanza kusema mama yake atalipa.

Kijana wangu aliligeuza lori, akaangalia. Akamwambia, "Hiyo ni skrubu chache tu. Kaa hapa nikuonyeshe."

Wakakaa chini wote, vijana kumi na mmoja, na mtoto ambaye kila mara ndiye anayechunguzwa, anayepimwa, anayeulizwa unaumwa wapi, akawa ndiye anayefungua na kueleza. Mimi nilisogea mbali kidogo. Baba wakati mwingine hahitajiki.

Siku hizi kila Jumamosi kuna kundi dogo pale. Mvulana wa kwaya ana daftari lake. Mzee mmoja ametuletea redio, mama mmoja pasi. Kijana bado ana selimundu. Mwezi uliopita alikosa Jumamosi moja kwa maumivu, na wenzake walimngoja. Hawakuligusa lori mpaka aliporudi.

Mzazi, kama una mtoto mwenye selimundu, usimfiche na usimwache nyumbani tu. Mpeleke kliniki, mpe dawa zake, mpe maji, umwombee, kisha umtafutie kitu ambacho mikono yake inaweza kukifanya. Na kama una kifaa kibovu ulichokwisha kukihukumu, kabla hujakitupa chukua daftari, uandike magonjwa yake moja moja. Huenda yakawa manne tu.

Anayetaka kuleta mtoto wake Jumamosi, karibu. Tunaanza saa kumi jioni. Alete maji ya kunywa na kofia.